Msituletee Roboti Inayosubiri Jibu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Roboti za Hospitali.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka wodi ya mifupa, ghorofa ya chini, karibu na chumba cha kufulia. Mimi ni mhudumu wa wodi hiyo: nagawa chai, nabadilisha shuka, nasukuma machela. Wenzangu wananiita Chapchap, na jina hilo sikupewa na mtu mwenye wivu. Nikiingia na toroli nauliza, "Hamjambo wote?" Nikitoka najijibu mwenyewe kwamba hatujambo, na kazi imekwisha.

Nimesikia keshokutwa kamati inakaa kuchagua kati ya roboti mbili zilizoletwa kwa majaribio, na kwamba mnaegemea ile ya bei nafuu. Kwa heshima zote, naomba msithubutu. Sina ugomvi na unafuu, hata viatu nilivyovaa ni vya unafuu, na vinaniumiza. Sababu zangu ni hizi.

1. Ile ya bei ghali inaijua kazi. Inafika kitandani, inamuuliza mgonjwa anaumwa wapi, na kabla hajafungua mdomo inamwambia pole, utapona, halafu hiyo, inakwenda zake. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kweli, nikajiona mimi mwenyewe nimetengenezwa kiwandani. Ile ya bei nafuu, fundi aliyeileta alikiri mwenyewe, haikuwekewa uwezo wa kukatiza mtu maneno, maana ungepandisha bei. Kwa hiyo inauliza, "Unaumwa wapi?" kisha inasimama na trei yake ya dawa. Mgonjwa asiponyamaza, haiondoki.

2. Wagonjwa wameharibika. Wodi iliyokuwa haina maumivu sasa ina maumivu kila kitanda. Yule mzee wa dirishani, dereva wa lori mstaafu, tangu alazwe alikuwa hajambo. Juzi ameieleza roboti habari za goti, za mgongo, za usingizi, mpaka za marehemu mkewe. Chai yake ikapoa. Nani alilaumiwa? Mimi.

3. Maneno yote hayo yanatokea kwenye kioo cha kompyuta kilichopo mezani kwa muuguzi wa zamu. Huo ni umbea, hata kama umeandikwa kwa herufi nzuri. Muuguzi naye, badala ya kupumzisha miguu, anazunguka vitandani kutwa nzima, na tukipishana ananitupia jicho ambalo silipendi.

4. Tabia hii inaambukiza. Jana nimeuliza "hamjambo wote" kama kawaida yangu, wodi nzima ikaanza kunijibu, kila mtu na lake. Nikabaki katikati na toroli, sijui nishike lipi niache lipi. Tukiendelea hivi watataka na daktari asimame. Akisimama daktari, watamtaka mkurugenzi ashuke awaulize hali. Mwisho hospitali nzima itakuwa imesimama inasikiliza watu, na sijui hapo tutaitofautisha vipi na nyumbani kwa mtu.

5. Hili ndilo limenitoa jasho. Mama yangu mzazi amelazwa wodini kwangu. Aliteleza bafuni akavunjika mguu, akafungwa plasta. Kila asubuhi napita kitandani kwake na kumuuliza, "Mama, mzima?" na sijawahi kusikia lalamiko. Leo roboti imepita nyuma yangu, imeuliza swali lake lilelile, na mama akaiambia kwamba vidole vya mguu vimekufa ganzi na vimekuwa vya baridi, na kwamba usiku hakulala kwa maumivu. Mimi niko kitanda kinachofuata, nammiminia mtu chai! Muuguzi akaja mbio, daktari akaitwa, mama akasukumwa kwenda chumba cha plasta, tena na msukumaji mwingine, na wodi nzima ikanigeukia. Niliaibika mpaka masikio yakapata moto. Mama kama ana neno, si aniambie mimi niliyetoka tumboni mwake, kuliko kuliambia bati?

Kwa hayo machache, naomba kamati inunue ile ya bei ghali. Fedha zikikosekana, basi endeleeni na mimi: situmii umeme, na kusikiliza sijawahi kusikiliza.

Nisalimieni wanakamati wote, watu wa stoo, dada zetu wa jikoni, na mlinzi wa geti la nyuma, ambaye huwa namsalimia nikiwa nimeshampita.

Wenu mtiifu, mwenye haraka,

Chapchap,
Mhudumu, Wodi ya Mifupa.

Nyongeza: Nilikuwa njiani kuileta barua hii daktari akaniita. Plasta ilikuwa imembana mama, damu haifiki vidoleni. Wameikata. Anasema tungechelewa mpaka kesho, huenda mguu ungekatwa. Sasa vidole vimeanza kupata joto. Nimemuuliza mama kwa nini hakuniambia mimi, na hakunikasirikia hata kidogo. Amesema, "Nilikuwa nakuambia, mwanangu. Nikianza tu, wewe ushafika mlangoni."

Nimelia mbele ya wagonjwa wangu wote, nalisema bila kificho. Ndugu Mwenyekiti, nunueni ile ya bei nafuu. Barua atawaletea muuguzi. Mimi nimekaa hapa kwa mama, ameanza kunieleza, na bado hajamaliza.