Goti la Injinia na Zege la Mjane

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa na mkoba wa ngozi, kofia ngumu ya njano na goti la kushoto, na katika vitu hivyo vitatu, kilichomlisha ni goti. Zamani, akiwa kibarua, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na tangu siku hiyo goti likawa linajua habari za mbinguni kuliko redio. Mvua ikiwa mbali, kimya. Ikibakiza saa tatu au nne, linachoma kama limetiwa sindano. Wenzake wakiumwa goti hutafuta dawa. Yeye alitafuta mteja.

Asubuhi hiyo alikuwa anapita zake mtaa wa nyuma ya shule alipoona kibao kimefungwa getini: NATAFUTA FUNDI WA ZEGE LA NAKSHI. Akachungulia. Ua mpana wa udongo. Pembeni, pikapu nyeupe, majani yameota hadi kwenye tairi. Stoo wazi, ndani yake rundo la mabomba marefu ya chuma na maburungutu ya turubai. Na katikati ya mali yote hiyo, mama mmoja mnene anafagia polepole, kama mtu asiye na adui duniani.

Injinia akavaa kofia yake. Riziki ikikuita kwa kibao, kutoitika ni utovu wa adabu.

"Shikamoo, mama. Naona mzee hayupo?"

"Marahaba, mwanangu. Mzee ametangulia, mwaka wa pili huu. Kaniachia ua wa vumbi na gari nisilojua kuliendesha."

Mjane, tena mwenye pikapu! Injinia aliinamisha kichwa kwa heshima, ili mdomo wake usionekane ukicheka.

"Mama, ua huu nitaufanya jiwe la kuchongwa. Zege linamwagwa, linapakwa unga wa rangi, kisha napiga mihuri ya mpira. Likikauka, mgeni akiingia atavua viatu mwenyewe."

"Na malipo? Mimi pesa sina. Labda ulichukue hilo gari."

Mama akaliwasha. Likanguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Injinia akahisi mapenzi.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi yake ya siku zote. Ilikuwa karatasi fupi, na utamu wake ulikuwa katika mstari mmoja tu: *Mvua ikiharibu zege, fundi hana lawama, na alichokwisha kupokea ni chake.* Kwa mstari huo Injinia alikuwa ameharibu nyua saba na hakuna aliyeweza kumfanya kitu. Kazi yake ilikuwa kungoja goti limwambie siku, kumwaga zege, kisha kuyaachia mawingu kazi iliyobaki. Nani atakwenda kuishitaki mvua?

Mama akasoma, midomo ikicheza taratibu. "Basi nami niongeze mstari, mwanangu, tusije tukakoseana." Akaandika kwa herufi za kubebana: *Na mvua isipoharibu, fundi atamaliza kazi, kisha atafanya ua mwingine nitakaomwonyesha, bila nyongeza.*

Injinia nusura acheke kwa sauti. Isipoharibu! Akatia saini kwa mkono wa madaha, akapokea ufunguo wa pikapu.

Kesho yake jua liliwaka la kupasua kichwa. Saruji imefika, kokoto imefika, na mama ameleta wapwa zake wanne wa kuchanganya zege, vijana wa miraba minne, bure kabisa.

"Tumwage leo, Injinia?"

"Aa, mama! Jua hili? Zege ni kama mtoto mchanga. Likipigwa na jua siku ya kwanza linapasuka midomo. Tuwe na subira."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo hatari ya matapeli wazuri: uongo wao wanaufunga kwenye ukweli kama mandazi kwenye karatasi safi. Isitoshe, kazi aliijua. Miaka mitatu alifunzwa na fundi mkuu, hadi fundi alipochoka kumsikiliza akamfukuza.

Siku ya tatu, alfajiri, goti likachoma. Injinia akaruka kitandani kama bwana harusi.

"Leo ndiyo leo!"

"Mbona kuna wingu kule?" akauliza mpwa mkubwa.

"Hilo ni wingu la kivuli tu, mdogo wangu. Piga sepetu."

Wakapiga. Toroli zikaenda na kurudi. Wapwa walifanya kazi kwa namna iliyomshangaza kidogo: hawagongani, hawaulizani, mmoja akiinua, mwingine keshashika. Saa nne ua mzima ulikuwa umejaa zege laini, limesawazishwa kama uji kwenye sahani. Mama alikuwa ameketi barazani juu ya kigoda kifupi kilichofunikwa shuka, anakunywa chai.

Tone la kwanza likadondoka kwenye kofia ya Injinia. *Ta!*

"Ole wetu!" akapiga kelele, mikono kichwani. Kilio hiki alikuwa amekifanyia mazoezi mara saba, kilikuwa na kigugumizi mahali pake na chozi mahali pake. "Mbingu zimetuonea wivu! Mama, pole, pole sana! Ya Mungu mengi!"

Huku analia, miguu inarudi nyuma kuelekea kwenye pikapu. Akaingia. Akatia ufunguo. Akazungusha.

*Kt.*

Akazungusha tena. *Kt.* Gari lile lililonguruma juzi sasa lilikuwa kimya kama kaburi la bahili.

Barazani, mama akaweka kikombe chini, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi.

Injinia hajawahi kuona kitu kama kile. Wapwa wanne wakaingia stoo, mabomba yakatoka, yakasimama, yakashikana. Turubai likapaa kama shuka linalotandikwa na mama mwenye haraka. Kabla mvua haijapata nguvu, ua wote ulikuwa chini ya hema kubwa jeupe, lenye vitambaa vya waridi pembezoni. Mvua ikashuka kwa hasira, ikapiga juu ya hema, ikateremka kwenye mfereji.

"Mama... hiki ni nini?"

"Hema la harusi, mwanangu. Tunakodisha. Ndiyo kazi yetu mwaka wa kumi na mbili huu. Hukuuliza."

"Lakini mvua imenyesha! Karatasi inasema..."

"Inasema mvua *ikiharibu zege*. Nionyeshe palipoharibika." Mama akainuka, akafunua shuka pale alipokuwa ameketi. Hakikuwa kigoda. Ilikuwa betri ya gari. "Bonyeza zege kwa kidole, Injinia. Au umesahau?"

Akabonyeza. Alama ya kidole ikabaki, na kidole kikatoka kikavu. Wakati wa mihuri ulikuwa umefika, na zege halina adabu ya kungoja mtu amalize kuhuzunika. Akatazama geti: wapwa wawili wamekaa pale, wamekunja mikono. Akavua koti.

Akanyunyiza unga wa rangi. Akatandika mihuri, akaikanyaga, akaiinua, akasogea. Mstari wa kwanza ulitoka umepinda. Wa pili ukanyooka. Kufikia wa tano alikuwa amesahau kukasirika, anamgombeza mpwa: "Taratibu wewe! Unamwaga unga kama unalisha kuku!" Jioni, chini ya hema la waridi, ua ulikuwa umekuwa jiwe la kuchongwa. Injinia akasimama anautazama. Katika maisha yake yote ulikuwa ua wake wa kwanza aliouona ukiisha.

Ndipo akaingia mwanamke mwembamba, amebeba ndoo. Injinia akamtambua. Akatamani zege lile lingekuwa bado laini, tena lenye kina cha kummeza.

"Ni mdogo wangu," mama akasema. "Analea watoto wa wenzake wakienda kazini. Mwaka jana ulimwagia ua, mvua ikanyesha, ukaondoka na jokofu lake."

"Watoto kumi na mmoja, Injinia," mdogo mtu akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Wanatambaa kwenye kokoto. Kila siku napaka dawa magoti."

Mkono wa Injinia ulishuka wenyewe ukashika goti lake.

"Alinieleza," mama akaendelea. "Kofia ya njano, mkoba, na anashika goti hivyo hivyo kabla ya kusema 'leo ndiyo leo'. Kibao changu kilikaa getini wiki tatu kikikungoja. Ua wa pili ndio huo wa kwake. Betri utaipata ua huo ukikauka."

Siku saba alimwagilia zege la mjane asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, lisipasuke kwa jua. Mtu aliyeishi kwa kungojea mvua, sasa alikuwa yeye mwenyewe mvua. Kisha wote wakahamia kwa mdogo mtu na hema lao, na watoto kumi na mmoja wakapangwa barazani kama majaji.

Zege lilikuwa limefika nusu ya ua, jua linawaka, anga jeupe kama sahani iliyooshwa, goti likachoma.

"Hema!" Injinia akapiga ukelele, safari hii bila mazoezi. "Leteni hema!"

"Mvua iko wapi?" wapwa wakacheka.

"Inakuja! Mnabishana na goti langu? Siku zote linanipa saa tatu, leo linachoma kama imebaki nusu saa! Fungeni, watoto hawa watakanyaga wapi?"

Wakafunga, wakinung'unika. Dakika ishirini na tano baadaye mbingu zikafunguka.

Mama mwenye mahema alilitazama lile goti kwa muda mrefu, kama mtu anayeitazama pikapu yenye majani kwenye tairi. Maharusi wangapi walimlowea miaka yote hii kwa kutojua mvua inakuja saa ngapi! Akatoa karatasi, akaandika mistari mitatu, akaisukuma pamoja na kalamu juu ya meza ya barazani.

"Kazi ya kudumu, mwanangu. Tia saini hapo chini."

Injinia akachukua kalamu. Kisha akairudisha mezani, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaanza kusoma karatasi ya mtu mwingine, neno kwa neno, mpaka mwisho.