Nilivyokandika Ukuta wa Naserian

Leo nimejivua nguo hadharani, tena nikiwa nimevaa koti juu ya koti.

Waliokuwepo niwataje kabla sijasahau (huwa sisahau, lakini uzee ni uzee). Naserian, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Nashipai, injinia. Bi Zuhura wa Acocks Green, mzaliwa wa Unguja, rafiki yangu na mkalimani wangu. Clive, fundi wa matofali. Denise, mkaguzi wa majengo. Na mimi, Koko, bibi yake Naserian, mwenye makosa.

Naserian anajenga nyumba sita huku ughaibuni, mtaa wa Kingstanding. Miaka miwili alikuwa msaidizi, mwanamke peke yake, Mmasai peke yake, wakimtuma chai. Leo Denise akiipitisha nyumba ya kwanza, zile tano zilizobaki anaachiwa yeye azisimamie. Akiikataa, mtoto anarudi kushika kalamu za wengine. Asubuhi hata uji haukumshuka.

Mimi nilikuwa na miadi ya macho Harborne saa tano, kwa hiyo tukapitia kazini kwake kwanza. Akatuketisha ndani ya kontena la ofisi, akatuvika kofia ngumu na vizibao vya kung'aa.

"Koko, tafadhali usitoke hapa."

"Nitoke niende wapi, mama?"

(Nilitoka.)

Mafundi walikuwa wameenda kunywa chai, Naserian yuko kwenye simu. Nikajikongoja hadi kwenye ile nyumba, Zuhura nyuma yangu na mkoba wangu. Ukuta umenyooka, mashallah kama asemavyo Zuhura. Lakini chini, karibu na msingi, nikaona tundu. Hatua moja, tundu lingine! Kati ya tofali na tofali, saruji hakuna!

Sasa nyinyi mnajua, kwetu Kajiado nyumba hujengwa na mwanamke. Tundu likionekana ukutani, aibu ni yake. Upepo ukipenya, boma zima linajua ni mkono wa nani uliokuwa mvivu. Mimi nimejenga nyumba nane kwa mikono hii. Na mkaguzi yuko njiani!

"Zuhura, wamemwachia mtoto mashimo!"

"Weye! Huenda ndio mtindo wao."

"Mtindo wa kuingiza baridi?"

"Mie simo," akasema, akaukumbatia mkoba.

Clive alikuwa ameacha saruji yake kwenye ubao, bado mbichi. Nikakunja mikono ya sweta. Nikakandika. Kidole kinasukuma, kiganja kinasawazisha, kama tunavyokandika nyumbani. Matundu kumi na manne, yote kimya! Nikarudi kwenye kontena nikijisifu (huo ndio ujinga wenyewe).

Denise akaja. Nami, kiherehere, nikatoka nikasimama karibu nisikie mjukuu wangu akisifiwa. Denise akainama. Akainama tena. Akasema neno, uso wa Naserian ukakauka.

"Anasema nini?" nikamuuliza Zuhura.

"Anauliza matundu ya kutolea maji yako wapi. Mvua ikiingia ndani ya ukuta, hutokea pale. Bila matundu, hapitishi."



Naserian akasema jana aliyahesabu mwenyewe. Akamtazama Clive. Clive akautazama ukuta. Saruji mbichi, na ndani yake alama za vidole. Vidole vidogo. Wote wakageuka, wakanitazama mikono.

Nikaificha ndani ya kizibao. Kizibao kikageuka kijivu.

"Koko. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nilitaka kukufichia aibu."

Nilingoja anigombeze. Badala yake akanivuta hadi kwenye bomba, akaniosha mikono kidole baada ya kidole, maana saruji mbichi hula ngozi. Denise amesimama pale na kalamu yake, na mtoto ananiosha mimi! Ndipo akamrudia Denise, Zuhura akinitafsiria sikioni:

"Huyu ni bibi yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kujenga, nikiwa na miaka saba. Kosa ni langu, nilimwacha bila kumweleza. Nipe nusu saa."

Denise akatazama saa. Akautazama ukuta, akapitisha kidole kwenye kazi yangu.

"Anasema," Zuhura akanong'ona, "hajapata kuona kosa lililosawazishwa vizuri hivi. Mna nusu saa."

Wakanipa glavu. Tukachokoa kwa misumari, mimi, Naserian na Clive, na Zuhura akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa madrasa. La mwisho lilipofunguka, Denise akatia sahihi. Naserian akaketi juu ya rundo la matofali akalia, nami nikalia, Clive akajifanya anatafuta mwiko wake.

Harborne tulifika tumechelewa. Daktari akauliza kama bado naona. Zuhura akamjibu yeye: "Anaona kupita kiasi."

Basi, kama nimekosea jina la mtu au nimetanguliza jambo kabla ya lingine, nisahihisheni, sitanuna. Leo nimeshasahihishwa na mkaguzi.