Malalamiko Juu ya Mkwe Aliyekuja Kutazama Maua

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa, Bwana Tsukioka,

Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi ni Fumie Kuwabara, mjane wa nyumba ya kando ya mto. Tangu nihamie hapa Kanazawa sijawahi kuisumbua kamati. Leo nalazimika.

Juzi usiku aliwasili kutoka Uzbekistani Bi. Zulhumor, mama yake Nodira, mke wa mwanangu. Hii ni mara yake ya kwanza kutoka nchini kwao. Jana nilimpeleka kutazama micheri iliyochanua, Nodira akiwa mkalimani. Wewe unaijua namna yetu Wajapani: unatembea polepole, unasema "mazuri," unapiga picha, unarudi nyumbani. Yaliyotokea ni haya:

1. Aliutazama mti kuanzia juu mpaka chini, akauliza cheri zake zitaiva lini. Nikamweleza kwamba micheri hii haizai matunda ya kulika. "Hata moja?" akasema. "Na mnaitunza hivi? Kwetu ungekuwa kuni zamani." Kisha akaupapasa ule mti kama anayempa mtu pole. Watu walikuwa wanatazama.

2. Alimsalimia kila aliyepita, mkono kifuani, akiulizia hali ya watoto. Tulipofika darajani Nodira aliacha kutafsiri. Haikusaidia kitu, watu waliendelea kumjibu.

3. Majirani zetu walikuwa wametandika turubai la buluu, wanakunywa pombe ya sake. Kila mwaka mimi huwapita kwa kuinamisha kichwa, na inatosha. Yeye alivua viatu, akaketi katikati yao, akatoa mkate wa duara aliokuja nao sandukuni, akaumega na kuugawa. Halafu akaniita kwa sauti ya sokoni: "Mkwe! Mbona umesimama kama mlinzi? Njoo ukae!" Nafasi iliyobaki ilikuwa ubavuni mwa Bwana Hatanaka.

4. Hapa ndipo penye shauri lenyewe. Unajua mimi na Bwana Hatanaka hatusemezani, ingawa ukuta wetu ni mmoja. Zulhumor aliona nimempa kisogo, akauliza kulikoni. Nikamnong'oneza Nodira, kwa siri, kwamba mume wangu Yasuo alipofariki, huyu rafiki yake wa chanda na pete hakukanyaga msibani. Nodira akamweleza mama yake, na siri hiyo haikudumu hata tonge moja. Zulhumor akamgeukia: "Bwana, kwa nini hukwenda kumzika rafiki yako?" Nodira akatafsiri, masikio yamemwiva.

Bwana Hatanaka akaweka kikombe chini.

"Nilikwenda," akasema. "Nilifika mlangoni na suti yangu nyeusi. Nikamsikia Bi. Fumie analia. Mtu ambaye sijawahi kumsikia hata akipandisha sauti! Nikashindwa kuingia. Baadaye nikaona aibu kurudi, na aibu nayo ikanizoea."

Zulhumor akammegea mkate, akanimegea na mimi. "Haya, kuleni basi," akasema.

5. Hasara niliyopata. Chuki yangu kwa Bwana Hatanaka niliitunza vizuri kuliko bustani. Nilikuwa naamka nayo. Leo asubuhi nimetoka kufagia, akafungua dirisha na kusema, "Habari za asubuhi." Nikajibu! Tukasimama pale tukimzungumzia Yasuo mpaka supu yangu ikakaukia jikoni. Sufuria imeungua, na sasa sina wa kumkasirikia.

Kwa hiyo naiomba kamati ibandike tangazo kando ya mto kwa lugha zote: mgeni anaruhusiwa kutazama maua, si watu, na ni marufuku kuuliza swali ambalo wenyeji wamekwisha kubaliana kutoliuliza. Kama tangazo halitoshi, micheri izungushiwe ukuta. Kama ukuta hautoshi, ikatwe.

Nisalimie mkeo, mweka hazina, na wote wa zamu ya kufagia hekaluni.

Wako katika amani iliyovurugwa,
Fumie Kuwabara

Tanbihi: Viza ya Zulhumor ni fupi mno. Nodira anasema watu wa uhamiaji husikiliza zaidi barua yenye muhuri. Tafadhali waandikie aongezewe muda, useme mtaa unamhitaji. Bwana Hatanaka yuko tayari kutia sahihi, na Bi. Ogino, yule aliyegombana na dada yake, ameuliza kama anaweza kumwazima Zulhumor kwa mchana mmoja. Ungefanya haraka, maana sasa hivi Zulhumor anavaa viatu aje kwako. Amesikia una kaka ng'ambo ya mto ambaye humtembelei.