Safari ya Mchi Wenye Midomo Miwili

Njooni, enyi watu wa Ngamiani, mnaokaa barazani na mnaopita kwa baiskeli! Tueni mizigo, nyamazisheni cherehani, na mwenye chungu jikoni akiepue kisije kikaungua, kwani nawasimulia tendo ambalo Tanga haikuwahi kulishuhudia kabla ya mwaka wa hamsini na nne. Nawasimulia habari za Msafiri bin Semeni, Mvunja Chemli, Mwangusha Kofia, jabari wa mabega mapana, aliyeubeba mchi wa kutwangia kutoka kwa seremala hadi nyumbani kwake, mchana kweupe, asimwelekezee mja wa Mungu hata mmoja.

Msicheke. Sikilizeni kwanza vita vilianzia wapi.

Msafiri na wenziwe walikuwa na mashamba ya muhogo huko Tongoni, na kila msimu nguruwe pori, jeshi lisilo na haya wala jemadari, lilishuka likachimbua hata mashina machanga. Wakulima wakakubaliwa kupewa bunduki moja, gobori la kuchangia, kwa sharti kwamba mmoja wao aende kwanza kwa Bwana Nyama, msimamizi wa wanyama wa porini, akafundishwe kuishika pasipo kudhuru watu. Wakamchagua Msafiri kwa ajili ya nguvu zake. Mafunzo yalikuwa Jumatatu. Asipokwenda, bunduki haitoki, na muhogo wa mwaka ule nao ungeishia matumboni mwa nguruwe.

Msafiri akavimba kwa fahari mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Lakini nani asiyeijua ila yake? Mtu huyu hakuwahi kubeba kitu kirefu pasipo maafa. Alibeba ngazi, taa ya chemli ya msikitini ikavunjika. Alibeba boriti, akageuka kuitikia salamu, na kofia ya mwalimu wa chuo cha Kurani ikaruka hadi mtaroni. Ndipo Mwatumu, mkewe, aliposimama mlangoni, mikono kiunoni, akanena:

"Bwana wee, nguvu zako nazijua, na muhogo naupenda. Lakini kaka yangu Jumbe, kule Mkwaja, anachechemea hata leo kwa risasi ya rafiki yake, aliyekula kiapo kwamba bunduki ile haina kitu. Nilimfunga jeraha kwa leso yangu mwenyewe. Naogopa, Msafiri! Basi kabla hujakwenda kwa Bwana Nyama, nenda kwa seremala ukaniletee mchi wangu mpya. Huo ndio bunduki yako. Ukimwelekezea mtu yeyote, kwa bahati mbaya au kwa mzaha, Jumatatu hutoki humu ndani, na wenzio nitawaambia mimi."

"Ole wangu!" akalia shujaa. "Mimi niendaye kukabiliana na majeshi ya nguruwe, unanipima kwa mchi?"

"Kwa mchi," akasema Mwatumu, akaingia ndani.

Akatafutwa mwamuzi, akapatikana Mzee Zebedayo, Msambaa mwenye mvi, askari mstaafu aliyepigana Burma, Mlutheri ambaye hata kwenda kupokea sakramenti alikwenda kwa mwendo wa gwaride. Akafika kwa seremala, akauzunguka mchi, akaukagua juu na chini, akakohoa.

"Bunduki ina mdomo na kitako," akatangaza. "Huu ncha zake zote mbili ni sawa. Nani awezaye kuapa kwamba mdomo ni huku na si kule? Kwa hiyo naamua kwamba zote mbili ni midomo!"

Watu wakapiga yowe. Silaha ya midomo miwili! Na mchi wenyewe haukuwa wa mchezo, ulikuwa wa kutwangia kwa kusimama, umempita Msafiri kimo kwa shibiri nzima. Akiulaza begani, wa mbele wamekwisha na wa nyuma wamekwisha. Ikabaki njia moja tu, kuushika wima, mdomo mmoja ukitazama ardhi na mmoja ukitazama mbingu.

"Na kunguru je?" akauliza mtu kutoka kwenye umati. "Huko juu kuna kunguru."

Mzee Zebedayo akafikiri sana. "Kunguru," akasema, "watajitegemea."

Ndipo shujaa alipoondoka, ameukumbatia mchi kifuani, jasho likimtiririka, kengele za baiskeli zikimlilia kushoto na kulia. Rafiki akamnyooshea mkono, naye akamnyima mkono. Muuza kahawa akamkaribisha, akamjibu kwa nyusi. Nyuma yake umati ukazidi kunenepa, maana habari Ngamiani haihitaji miguu, na kila aliyeuliza "Kuna nini?" alijibiwa, "Msafiri kabeba mchi, na hajampiga mtu!"

Hatari ya kwanza ilikaa kwenye kigoda, ikikaanga vitumbua. Naye alikuwa Bi Mwanamkasi, ajuza aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wakizaliwa, Msafiri akiwa mmoja wao. Kumpita bila salamu haiwezekani hata vitani. Lakini salamu yake ni ya kuinama, na akiinama, mchi nao utainama, na mdomo wa juu utaangukia usoni pa bibi! Msafiri akasimama. Kisha akaukita mchi ardhini, akakunja magoti, akashuka wima, mgongo umenyooka, kama ndoo inayoteremshwa kisimani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini, tumbo?"

"Sina tumbo, bibi. Nina bunduki."

"Pole," akasema Bi Mwanamkasi, akageuza kitumbua chake.

Naam! Akavuka salama, akaona paa la nyumba yake, akadhani ushindi umekwisha kupatikana. Kumbe vita vikuu vilikuwa mlangoni. Mlango ule ulikuwa mfupi, hata yeye mwenyewe huingia kwa kujikunja, na mchi ungepita kwa kulazwa tu. Ukilazwa, mdomo mmoja utaelekea ndani na mmoja utaelekea umati. Na ndani, katikati ya ukumbi, amekaa kitako juu ya mkeka, akichambua mchele kwenye ungo, ni nani? Bi Mboni, mama yake Mwatumu, mkwe wa heshima, ambaye Msafiri hakuwahi kumtazama usoni sembuse kumwambia ahame.

"Hodi!" akaita, sauti ikitetemeka.

"Karibu, mkwe wangu."

"Ahsante, mama. Siingii."

Mtaa mzima ukashika midomo. Tangu lini mkwe akakaribishwa akakataa, tena hadharani?

"Huingii?" akauliza Bi Mboni, vidole vikisimama juu ya mchele. "Kwani nimekukosea?"

"Hukunikosea, mama. Umekaa mbele ya bunduki."

"Mimi naona mchi."

"Ingia, yakhe!" wakapaza sauti watu nyuma. "Mchi huo! Hauna kitu!"

Mikono ya Msafiri ilikuwa imekufa ganzi, na aibu ilimchoma masikio. Yule Msafiri wa jana angekwisha kujipenyeza, liwalo na liwe. Lakini maneno yale, hauna kitu, yalimwingia vibaya. Akamwona kwa macho ya moyo shemeji yake Jumbe akiburuta mguu kwenda msikitini Mkwaja, akaona woga wa mkewe haukuwa kitu cha kuchekwa hata kidogo.

"Mimi sijui kama hauna kitu," akasema, na safari hii sauti haikutetemeka. "Mama, maliza mchele wako. Nitangoja."

Akangoja! Enyi wasikilizaji, mwanamume huyu asiyewahi kungoja hata chai ipoe, alisimama juani ameushika mchi wima, na Bi Mboni, ambaye naye alitaka kujua mwisho wa jambo hili, akachambua mchele wake punje kwa punje. Mwishowe akainuka, akabeba ungo wake, akaenda uani. Msafiri akageuza shingo kwa umati.

"Jamani," akasema, "naomba mnipishe."

Watu wakatazamana, kwani hawakuwahi kulisikia kwake ombi la namna hiyo. Wakapisha, huku nusu na huku nusu, njia ikawa tupu. Ndipo alipoulaza mchi polepole, akajikunja, akaingia, akausimamisha pembeni ya kinu. Hapakuvunjika chemli. Haikuruka kofia.

Vigelegele vikapasua mtaa! Mtu akapiga debe, Mzee Zebedayo akagonga visigino barazani akapiga saluti, na muuza kahawa akagawa vikombe kwa kila aliyenyoosha mkono. Na iandikwe mahali pasipofutika kwamba mchi mmoja wa midomo miwili ulipita katikati ya Ngamiani, na kila mtu akarudi kwake na viungo vyake vyote.

Mwatumu aliyaona yote, amejibanza pembeni mwa mlango wa uani. Akaja akamfuta mumewe jasho kwa ncha ya leso yake, mbele ya mama yake, bila kujali.

"Bunduki bado naiogopa," akamwambia. "Wewe nimeacha kukuogopa. Nenda Jumatatu."