Uso wa Hasira Ulionipeleka Chooni

Wadau, leo nimeaibika. Saa nne asubuhi, jua linawaka, mashahidi wapo.

Kila Jumamosi klabu yetu ya kidato cha tatu inaenda shule ya msingi jirani kucheza na watoto wenye usonji. Wengi wao hawasomi uso wa mtu kirahisi, kwa hiyo mwalimu wao, Madam Neema, anawafundisha kwa mchezo: wewe unatengeneza uso, mtoto anatafuta kadi yenye picha ya hali hiyo. Furaha, huzuni, hasira, woga. Meza hiyohiyo ina kadi za kuombea vitu: maji, chakula, choo. Sheria ya darasa ni moja. Kadi ikiinuliwa, inatekelezwa.

Leo mama yake Baraka alitoka Peramiho kuja kuona kama mwanawe ameanza kuelewa nyuso. Baraka ana miaka minane, haongei sana, na wiki zote hizi alikuwa anaangalia masikio yangu tu. (Ni makubwa, simlaumu.) Mama kakaa ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani, soda hata hajaigusa. Madam akauliza nani ataigiza. Nikasimama kabla hajamaliza. (Anifa wa mkondo B alikuwepo. Msiniulize zaidi.)

Nikatoa hasira. Hasira ya mtu aliyeibiwa gunia zima la mahindi. Nikakunja ndita, nikauma meno, nikabana pumzi. Mishipa ikasimama, magoti yakaanza kutetemeka.

Baraka akaachana na masikio. Akanitazama usoni, mara ya kwanza kabisa, taratibu, kisha akashuka mpaka kwenye magoti. Akaenda mezani. Akaipita kadi ya hasira bila hata kuisalimia, akainua ya choo.

Nikamwambia Madam mimi niko salama.

"Kadi imeinuliwa, Festo. Nenda."

"Madam, sina haja."

"Nenda tu, mwanangu," mama Baraka akasema kwa huruma. "Usijibane."

Baraka akanishika mkono. Tukapita mbele ya wazazi, mbele ya Anifa, tukakatiza uwanja mzima. Nikajifungia chooni, nikasimama humo kama fagio. Nje mtoto anahesabu hadi ishirini, kama Madam anavyomhesabia yeye. Nilipotoka alikuwa ananisubiri bombani, akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu: "Umenawa?"

Nikanawa.

Tuliporudi, mama anajifuta machozi kwa kitenge huku anacheka. Anasema hajawahi kuona mwanawe akimtazama mtu na kujua ana shida. Madam akaandika kwenye daftari: amemtambua mwenzake, amemsaidia. Nikajaribu kueleza kwamba ile ilikuwa hasira.

"Kaka, kubali yaishe," Anifa akasema. "Hata mimi nilijua umebanwa."

Naomba msicheke. Mama wa watu kapanda gari la Peramiho anatabasamu, mtoto kafaulu. Aliyefeli ni mwigizaji.