Mayai Yenye Majina

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni kuku. Nawaandikia mapema, ninyi ndugu wa Louisville na Columbus, kabla Mama Zawadi hajawapigia. Simu ameshaishika. Namsikia jikoni anacheka peke yake.

Mnajua Jumamosi zangu zote zinaishia ghalani kubeba maboksi. Ya leo niliiombea ruhusa kwa ajili ya binti yangu. Zawadi yuko darasa la kwanza, na shule yao hapa Buffalo ina shamba dogo. Familia zilialikwa kwa ajili ya Pasaka, watoto watafute mayai. Wiki nzima amekuwa akiwaambia wenzake kwamba baba yake anajua wanyama kuliko mtu yeyote, kwamba kwetu Minembwe, kule milimani, alikuwa na ng'ombe wengi. (Ng'ombe walikuwa wa babu. Mimi nilichunga tu. Lakini sikumsahihisha.)

Asubuhi kwenye gari akaniambia, "Papa, uongee na Miss Donna. Please. Umuambie ya ng'ombe."

Miss Donna ni mwalimu wake. Nikasema sawa. Nikavaa koti la kanisani kabisa.

Tukafika tumechelewa. Mama Zawadi akashuka na mtoto, mimi nikaenda kutafuta pa kuegesha. Maelezo yote yalitolewa nikiwa bado nazunguka na gari. Niliporudi watoto walikuwa wamesambaa uwanjani, wameinama, wanapekua majani. Theluji ilikuwa bado imelala kando ya ua. Miss Donna akanipa mkono, akasema amesikia kwamba mimi ni mfugaji mkubwa. Nikamwambia ndiyo. (Ningesema hapana, sasa hivi ningekuwa nimelala.)

Mama Zawadi akaniita pembeni. "Batoto bote banatafuta mayai. Mutoto wako hajapata hata moja. Enda umusaidie, si wewe ndiye unajua?"

Nikawatazama wale watoto na baridi ile, nikawahurumia kweli. Kuku gani mwenye akili zake atataga kwenye majani yenye barafu? Utotoni shangazi alikuwa ananituma kuokota mayai kila siku. Yai halitafutwi. Unamtafuta kuku, yeye ndiye anajua lilipo.

Kibanda cha kuku kilikuwa nyuma ya zizi la mbuzi. Hapakuwa na mtu. Nikajiona mjanja. Mlangoni palibandikwa karatasi kubwa, watoto wamechora kifaranga na maua, na Kiingereza kingi chini yake. Nikaona ni mapambo ya Pasaka, sikusoma. Ndani kuku mmoja mwekundu alikuwa anakunywa maji. Pembeni, boksi la majani makavu. Nikainama.

Mayai! Tena kila yai limeandikwa jina la mtoto kwa penseli. Jayden. Emily. Noah. Nikasema moyoni, Wamarekani wana mpango, kila mtoto na yai lake, hakuna kugombana. Nikayagusa, ya moto. Nikafurahi zaidi: yametagwa sasa hivi! (Yai lililotagwa sasa hivi limepataje jina, hilo sikujiuliza. Mfugaji mkubwa.)

La Zawadi nikalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, nimpe mwisho, afurahi. Kumi nikayapanga ndani ya kofia yangu. Moja nikaliacha, kama shangazi alivyonifundisha, ili kuku asihame kiota. Yule mwekundu akaanza kunipigia kelele. Nikamwambia kwa heshima, "Pole, mama."

Nikatoka kifua mbele. Nikasimama katikati ya uwanja, nikaanza kuita majina kama siku ya kugawa chakula kwenye kambi ya wakimbizi. "Jayden! Njoo uchukue! Emily! Noah!"

Jayden akaja mbio na kikapu chake. Kimejaa mayai ya plastiki, mekundu, ya bluu, yenye peremende ndani. Nikayatazama: kumbe ndiyo yaliyofichwa kwenye majani. Maisha yangu yote sijawahi kuona yai la plastiki. Yeye akatazama ndani ya kofia yangu, akapiga yowe kwa Kiingereza, shamba zima likasikia: "Ameiba vifaranga wetu!"

Basi. Jayden akalia. Emily akalia. Noah akalia. Miss Donna akaja anakimbia, akanieleza taratibu, kwa sauti ya kumwelezea mgonjwa. Mayai yale yanaatamiwa na Daisy. (Kuku naye ana jina.) Darasa linahesabu siku, kila mtoto na yai lake. Vifaranga wanatarajiwa Alhamisi. Na ile karatasi ya mlangoni ilikuwa inasema: tafadhali usiguse.

"Papa Zawadi!" Mke wangu huyo. "Unatutia haya mbele ya bazungu bote! Rudisha mbio!"

"Bon, nikimbie yapasuke?"

"Donc utembee mbio!"

Nikatembea na kofia mikononi, sipepesi macho, watoto wote nyuma yangu, na wazazi nyuma yao wameinua simu. Nikapiga magoti penye kiota. Miss Donna akawa anasoma majina, mimi naweka moja moja. Daisy akanidonoa mara mbili. Nilistahili.

Zawadi hakulia. Alisimama tu akiangalia viatu vyake, na hilo ndilo liliniuma. Kofia ilipobaki tupu akasema polepole, "Papa, where's mine?"

Lake! Nami nilikuwa nimejikunja pale sakafuni muda wote. Nikafungua koti kifungo kimoja, kimoja. Nikaingiza mkono.

Zima.

Miss Donna akalipokea kwa viganja viwili. Akasema hili ni la moto kuliko yote. Zawadi akaligusisha shavuni, akawageukia wenzake, akawatangazia kwa Kiingereza kwamba yai lake limeatamiwa na baba yake mwenyewe. Jayden akaacha kulia, akataka kujua kama naweza kuatamia na la kwake. Wakaanza kucheka, wazazi nao. Ya ng'ombe hakuna aliyeniuliza tena.

Sasa naomba mniheshimu hadi Alhamisi. Nimeshamwandikia msimamizi wangu kuomba ruhusa nyingine. Akauliza sababu. Nimemjibu kwamba natarajia mtoto.