Matumbo Tulivu, Awamu ya Kwanza

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amepata udhuru, waheshimiwa masheha, mashehe wetu, wafadhili mliokaa kwenye viti vyenye mito, wananchi wa Chokocho mliokaa juani, assalaamu alaykum! (Waalaykumu salaam.) Sikusikia! (Waalaykumu salaam!)

Mimi, Mundhir Hashil, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Matumbo Tulivu, nasimama hapa kifua mbele, ingawa tumbo limenichafuka tangu alfajiri, jambo linalothibitisha kitaalamu kile tulichofundishwa kwenye woksho ya siku tisa kule Wete: kwamba ndani ya utumbo wa binadamu mnaishi vijidudu mabilioni kwa mabilioni, masteikholda, yaani wadau, wakubwa kuliko sote hapa, ambao wakikosa lishe huenda wakampandishia mtu wahka, ule wasiwasi usiokwisha, kichwani, na wakiongezewa wenzao wema kwa njia ya vidonge, huenda wahka ukapungua. Hilo neno "huenda" wataalamu walilisisitiza sana. Mimi nililifuta kwenye kipeperushi, halikupendeza karibu na picha yangu. (Vicheko.)

Sasa matokeo! Makarani wetu walipita nyumba mia nne na kumi na mbili, wakapiga hodi, wakauliza, "Hali zenu?", na asilimia tisini na tisa nukta tano wakajibu, "Njema, alhamdulillah." Makarani wakaandika: hana wahka. (Makofi kutoka viti vya mito.) Waliobaki ni wawili tu: mmoja hakuwepo nyumbani, na mwengine ni mimi, niliyejijazia fomu mwenyewe.

(Bi Khairiya, safu ya nyuma, asimama: "Mie nalijibu salamu, Mheshimiwa! Karani hakuniuliza jengine. Moyo wanidunda tangu mwaka jana, usingizi sina, na hivyo vidonge navingoja mpaka leo. Vi wapi?")

Swali zuri sana, Bi Khairiya, na fomu yako ninayo hapa: umepona tangu mwezi wa tatu. Nakuamini, mama yangu. Hata mimi usingizi sina. Naona haya, wallahi. Lakini ratiba inasema sasa ni kaulimbiu. Matumbo tulivu! (Wachache: "Nyoyo tulivu!") Vijidudu wema! (Mtu mmoja: "Watu wema!")

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili kwa viti, na wananchi kwa subira, kwani vidonge havikuagizwa hata kimoja. Kamati haikuona busara kuwaagizia dawa watu ambao, kwa mujibu wa data, ni wazima wote, na kwa hivyo mradi umekamilika kabla haujaanza, na hii leo ndiyo sherehe ya kuufunga. Ahsanteni sana.

(Bi Khairiya, bado kasimama: "Na wewe, mwanangu, hujambo?")

Sijambo, Bi Khairiya, alhamdulillah.

(Tumbo la Mratibu languruma, na kipaza sauti chausikizisha uwanja mzima wa skuli. Karani aandika: hana wahka.)